Trekta likizima plau ikizama ardhini

Trekta langu lilinguruma vizuri likiwa limesimama, lakini plau ikizama tu, linazima. Usikimbilie kufungua pampu ya dizeli! Tazama moshi kwanza. Ukiwa mweusi tii, injini inakosa hewa: safisha filta ya hewa. Nguvu ikiisha bila moshi mweusi, dizeli haifiki.

Mimi huanza na kifuniko cha tangi. Kilegeze, ulime tena. Likivuta, tundu la kupumulia la kifuniko limeziba. La sivyo, zima injini, kinga chombo, ufungue paipu inayoingia kwenye filta ya dizeli. Dizeli imwagike mfululizo. Yangu ilidondoka tone tone, maana magamba ya kutu yalijaa kwenye mdomo wa kutolea mafuta tangini. Nikayasafisha, nikabadilisha filta, nikatoa hewa iliyoingia kwenye njia ya dizeli mpaka mapovu yakaisha.