Kuunganisha Nintendo 3DS au 2DS na Wi-Fi ya nyumbani wakati ruta ni mpya kuliko konsoli

Mpwa wangu hapa Tanga aliletewa Nintendo 2DS, konsoli ya michezo ya mkononi, iliyokwisha kutumika na shangazi yake anayeishi Uingereza, akaniomba niiunganishe na mtandao wa nyumbani kwao. Nilitarajia kazi ya dakika tano. Nikajikuta nimekaa nayo tangu alasiri hadi baada ya isha, na wakati huo wote konsoli yenyewe haikuwa na kasoro yoyote. Ninaandika hatua nilizofuata ili mzazi au kijana mwenye kifaa kama hiki asikimbilie kukihukumu kwamba kimeharibika.

Kabla ya kuanza, fahamu unachokifuata. Duka la mtandaoni la konsoli hizi liliacha kuuza michezo mwishoni mwa Machi 2023, na huduma za kucheza na watu wa mbali zikafungwa Aprili 2024. Kinachofanya muunganisho uwe na thamani ni kupata masasisho ya mfumo na kupakua upya michezo ambayo mwenye akaunti alikwisha kuinunua.

Hatua ya 1: Washa redio ya konsoli, yaani Wi-Fi yake

3DS ya kwanza, iliyotoka mwaka 2011, ina swichi ndogo ya kusukuma ubavuni upande wa kulia, na taa ya rangi ya chungwa huwaka karibu yake redio inapofanya kazi. 2DS haina swichi hiyo. Redio huwashwa kwa kugusa aikoni ya mipangilio iliyo kwenye kona ya juu ya skrini ya chini. Chomeka chaja pia, na uiache hapo hadi mwisho.

Hatua ya 2: Tafuta mtandao

Gusa aikoni ya spana, yaani "System Settings", kisha "Internet Settings", kisha "Connection Settings". Utaona nafasi tatu za kuhifadhi miunganisho. Chagua iliyo wazi, nenda "Manual Setup", halafu "Search for an Access Point". Chagua jina la mtandao wenu, andika nenosiri kwa kalamu ya konsoli huku ukizingatia herufi kubwa na ndogo, hifadhi, na uache jaribio liendelee. Likifaulu, ruka hadi hatua ya 4.

Hatua ya 3: Jaribio likishindwa, shughulika na ruta

Hapa ndipo saa zangu zilipopotelea. Jina la mtandao lilionekana, nenosiri lilikuwa sahihi, mawimbi yalikuwa na nguvu, na bado jaribio lilikataa kila mara. Niliifuta miunganisho, nikaiandika upya, nikaizima ruta na kuiwasha, bila mafanikio.

Kwanza fanya kipimo ambacho ningekifanya mapema kama ningekikumbuka: washa hotspoti ya simu, uiwekee bendi (masafa ya mawimbi) ya gigahezi 2.4, na uiunganishe konsoli na simu hiyo. Usisahau kuchagua bendi, kwa kuwa konsoli hizi haziioni kabisa gigahezi 5. Konsoli ikikubali hotspoti, basi redio yake ni nzima na tatizo liko kwenye ruta. Ya mpwa wangu ilikubali mara ya kwanza.

Sababu ni umri. 3DS na 2DS zinaelewa WPA2, aina ya ulinzi wa Wi-Fi unaotumia nenosiri, lakini WPA3, toleo lililoifuata, ilitangazwa mwaka 2018, miaka kadhaa baada ya konsoli hizi kutengenezwa, kwa hiyo haziijui. Ruta ya nyumba ile, iliyofungwa na fundi wa mtoa huduma, ilikuwa imewekwa kwenye WPA3 peke yake. Hata ruta iliyowekwa kwenye mchanganyiko wa WPA2 na WPA3 inaweza kuleta kikwazo kilekile, hasa ikiwa kipengele kiitwacho PMF, au 802.11w, kinacholinda ujumbe wa uendeshaji wa Wi-Fi, kimewekwa kuwa cha lazima.

Ingia kwenye ruta kwa kompyuta iliyounganishwa kwa kebo. Sipendi kabisa kufanya kazi hii kwa simu, kwa kuwa mara tu unapobadilisha mipangilio ya Wi-Fi, simu hukatika ukiwa katikati ya kazi. Na programu za simu za ruta nyingi huficha menyu hasa unazozihitaji. Anwani ya kuingilia huandikwa chini ya ruta. Mara nyingi ni 192.168.1.1, na kwa ruta nyingi za laini ya simu ni 192.168.8.1.

Usiushushe ulinzi wa nyumba nzima kwa ajili ya kifaa kimoja. Fungua mtandao wa wageni kwenye bendi ya gigahezi 2.4 pekee, uupe jina lake, uchague WPA2-PSK (WPA2 ya nenosiri moja) yenye AES (njia ya usimbaji), na PMF uizime au uiache iwe ya hiari. Hali ya redio iruhusu b, g na n, yaani vizazi vya Wi-Fi, kwa pamoja, kwa kuwa konsoli inajua b na g tu. Chaneli chagua 1, 6 au 11, maana kuna vifaa visivyoiona ya 12 na ya 13. Kama ruta yako huwaonyesha wanaojiunga na mtandao wa wageni ukurasa wa kuingia kwanza, uzime ukurasa huo. Ikiwa hairuhusu mtandao wa wageni uwe na ulinzi tofauti, badilisha gigahezi 2.4 peke yake, uipe jina lisilofanana na la gigahezi 5, na simu za nyumbani zibaki kwenye gigahezi 5.

Utasikia watu wakishauri uweke WEP, ulinzi wa kale wa Wi-Fi, au uache mtandao wazi kwa sababu kifaa ni cha zamani. Ushauri huo uliwahusu wenye Nintendo DS ya kwanza, ambayo haikujua kingine. WEP ilivunjwa tangu mwaka 2001, na 3DS haiihitaji.

Kama ruta imewekwa kukubali vifaa vilivyoorodheshwa tu, anwani ya MAC ya konsoli, yaani namba inayoitambulisha kwenye mtandao, iko kwenye "Internet Settings", chini ya "Other Information".

Hatua ya 4: Jaribu tena, kisha sasisha

Kama ulipitia hatua ya 3, rudia hatua ya 2 kwa jina jipya la mtandao. Ikikubali, neno "Internet" litatokea kwenye kona ya juu kushoto ya skrini ya juu. Fungua "Other Settings" ndani ya "System Settings", sogea hadi ukurasa wa mwisho, na uchague "System Update". Kama nyumba inatumia bando la laini ya simu, hakikisha limebaki la kutosha kwanza, na usiichomoe chaja hadi konsoli ijizime na kuwaka yenyewe.