Kutengeneza kwa Mbao Kielelezo cha Kabari za Mergenthaler

Ottmar Mergenthaler, fundi saa mzaliwa wa Ujerumani aliyehamia Marekani mwaka 1872, alibuni mashine iliyopanga mstari mzima wa maandishi kwa kubonyeza vibonye, ikaanza kazi katika gazeti la New York Tribune mwaka 1886. Hapo awali mpanga herufi aliokota herufi za risasi moja moja, kisha akajaza nafasi baina ya maneno kwa mkono hadi mstari ukaze. Wavumbuzi wengi walikwama hapo kwenye kukaza mstari, na ndiyo sehemu ambayo wanafunzi wanapaswa kuishika kwa mikono yao.

Waombe mafundi wa milango wa Lamu masalio ya mbao ngumu iliyokauka, kwani mbao mbichi hupinda na kabari hukwama. Pigilia vizuizi viwili juu ya ubao bapa, vikiachana sentimita 30. Kata vibao vitatu vya kimo cha sentimita 12, vyenye upana wa sentimita 8.5, 11 na 6.5, uviandike: Jahazi, limetweka, tanga.

Kazi yenyewe hasa imo katika kabari zinazojaza nafasi baina ya maneno. Kabari moja peke yake ingeliinamisha neno la jirani, kwa sababu ubavu wake mmoja umekwenda mshazari. Kwa hiyo mashine ilitumia kabari za jozi, wazo ambalo hataza yake aliimiliki mvumbuzi mwingine, Jacob Schuckers. Chukua kipande cha kimo cha sentimita 12 na upana wa 2, ukipasue mshazari kwa msumeno mwembamba, kila nusu iwe na sentimita 0.5 ncha moja na 1.5 ncha ya pili. Fanya jozi mbili, uzipige msasa hadi ziteleze.

Laza maneno baina ya vizuizi. Katika kila nafasi weka kabari moja sambamba na maneno, upande mnene ukiwa juu, na mwenzake, upande mnene ukiwa chini, achomoze sentimita 6 kwa chini. Mstari utalegea kwa sentimita 1. Sasa zisukume kabari zote mbili zilizochomoza kwa rula moja: nafasi zitapanuka kwa usawa, na maneno yatasimama wima yakiwa yamebana. Ukibadilisha neno moja kwa jingine pana zaidi kidogo, kabari zitakoma mapema zenyewe, bila mtu kupiga hesabu yoyote.

Katika mashine, mahali pa maneno hayo palikuwa na kalibu za shaba zenye umbo la herufi, na mstari ulipokaza, risasi iliyoyeyushwa pamoja na bati na madini ya antimoni ilimiminwa humo, ukatoka mstari mmoja mgumu wa kuchapia.