Taa ya oili ikiwaka, pima kabla ya kulaumu sensa

Taa nyekundu ya oili ikiwaka, zima injini hapohapo. Vuta stiki uangalie kiwango. Ikiwa oili ipo ya kutosha, ndipo uishuku sensa.

Kwenye gari nyingi za zamani, sensa hii ni swichi ya waya mmoja iliyofungwa kwenye bloku ya injini. Presha ya oili isipokuwepo, swichi inaunganisha waya na bodi ya gari na taa inawaka. Presha ikipanda, inakata. Kwa hiyo fungua swichi ya gari kwa ufunguo bila kupiga stata, kisha chomoa soketi ya sensa. Taa ikiendelea kuwaka, waya umechubuka na unagusa bodi. Ikizima, waya ni mzima, lakini hapo bado hujui kama presha ipo. Chungulia ndani ya soketi: ukikuta oili imelowa humo, sensa inavuja, badilisha.

Uhakika ni geji ya mkono ya kupima presha ya oili. Fundi afungue sensa, afunge geji kwenye tundu lilelile, mpime injini ikiwa ya moto. Kipimo cha gereji nyingi ni psi 10 (psi ni kipimo cha presha) kwa kila mizunguko 1,000 kwa dakika. Geji ikisoma chini sana, nakuomba gari ivutwe, usiiendeshe hata mtaa mmoja. Beringi za krenki (mhimili unaozungushwa na pistoni) zikikosa oili huungua kwa dakika chache tu.