Kumlisha Sungura wa Nyumbani na Kulinda Tumbo Lake

Kila asubuhi, kabla ya kumtazama sungura mwenyewe, tazama kwanza choo alichokiacha usiku. Sungura mzima mwenye afya hutoa baina ya punje 200 na 300 kwa siku, nazo huwa za mviringo, za ukubwa unaokaribia dengu, kavu, na ukizivunja huonekana nyuzi za majani ndani yake. Siku utakapozikuta zimepungua, au zimekuwa ndogo mfano wa pilipili manga, au zimeungana kwa manyoya kama tasbihi, elewa kwamba tatizo halikuanza asubuhi hiyo bali tangu jana, na kwamba mnyama huyu, ambaye kwa maumbile yake huficha maradhi, ameshakupa dalili ya mapema kuliko zote. Nafuga sungura hapa Wete, Pemba, na karibu wote niliowapoteza waliondoka kwa tumbo.

Sababu ya udhaifu huo imo katika namna chakula chake kinavyosagwa. Nyuzinyuzi ngumu za majani husukuma utumbo ufanye kazi, kisha hutoka haraka zikiwa zile punje kavu. Sehemu laini hurudishwa katika mfuko mpana ulio mwanzoni mwa utumbo mpana, ambamo bakteria huichachua. Kinachopatikana humo hutoka, aghalabu usiku au alfajiri, kikiwa kinyesi laini chenye utando, na sungura hukila palepale kinapotoka ili apate protini na vitamini za kundi B. Wageni wakiona hushtuka, lakini usimzuie, kwani hicho ni chakula chake. Utumbo wa namna hii usipopata nyuzinyuzi hulegea na mwisho husimama. Na wanga au sukari vikiufikia ule mfuko kwa wingi, bakteria waharibifu huwazidi wale wenye manufaa, gesi ikajaa na sumu ikatengenezwa. Zaidi ya hayo, sungura hana uwezo wa kutapika, hivyo kilichokwisha kumezwa hakina njia ya kurudi.

Majani ndiyo chakula

Kwa kipimo cha jumla, asilimia 80 au zaidi ya anachokula sungura mkubwa iwe ni majani ya jamii ya nyasi, mabichi au makavu, nayo yawe mbele yake usiku na mchana bila ya kupimwa. Meno yake huota maisha yake yote, yale ya mbele kiasi cha milimita 2 hadi 3 kwa wiki, na kutafuna nyasi ndiko kunakoyapunguza; meno yakirefuka na kumchoma ulimi au shavu huacha kula, na akiacha kula tumbo husimama.

Majani makavu sijapata kuyakuta dukani hapa kwetu, kwa hiyo huyatengeneza mwenyewe, na mtu aliyewahi kuanika karafuu ana nusu ya maarifa tayari. Kata ukoka au majani ya tembo yakiwa bado machanga, kabla hayajatoa mbegu, baada ya umande kukauka. Yatandaze juu ya jamvi kwa tabaka jembamba, yageuze mara tatu au nne kwa siku, na uyaingize ndani kabla ya magharibi na kila wingu linapotanda. Siku mbili au tatu za jua la kaskazi hutosha. Wakati wa masika usijaribu, bali tumia akiba. Majani yaliyokwisha kuwa tayari hubaki na ukijani na harufu nzuri, na bua lake likikunjwa huvunjika. Yahifadhi juu ya uchaga katika gunia la katani, si katika mfuko wa plastiki unaofungia unyevu. Yakipata harufu ya ukungu yatupe yote, hata kama ni gunia zima na roho inakuuma.

Wafugaji wengi huamini kwamba majani yenye maji humuua sungura. Nionavyo mimi, maji yenyewe hayana kosa. Madhara hutokana na majani yaliyokatwa jana, yakarundikwa na kuvundikwa mpaka yakapata joto na kuanza kuchacha, kisha yakapewa sungura mwenye njaa. Majani mabichi yakatwe kila siku, yatandazwe kivulini mara yanapoletwa, na yasichukuliwe kandokando ya barabara au katika mashamba yaliyopigwa dawa.

Pamoja na nyasi, mpe konzi moja au mbili za mboga za aina mbalimbali: matembele, majani ya kunde, mchunga, majani ya karoti, na kwa kumchangamsha hamu, kotimiri, nanaa au mrehani. Mchicha mpe mara chache. Kabichi mpe kidogo sana, kwa kuwa baadhi ya sungura hujaa gesi kwayo. Kisamvu kibichi usimpe, kwa sababu ya sumu ya sayanaidi iliyomo. Vilevile majani ya nyanya, ya mbatata na ya parachichi, pamoja na mbarika, yasiingie bandani. Lusina, mti wa malisho ambao wengine huusifu kwa protini, ina kemikali ambayo ikizidi humnyonyoa manyoya.

Karoti na matunda ni vitamu vya kuonjesha, kipande cha ukubwa wa ncha ya kidole gumba, mara mbili kwa wiki. Boflo, wali, ugali, maganda ya ndizi mbivu na biskuti za watoto havina nafasi kabisa. Hili nalisema kwa ukali kwa sababu siku za Idi ndizo siku za maafa: nyumba imejaa watoto, kila mmoja anataka kumwona sungura akila, na sungura hakatai. Tundika bandani kifungu cha matembele na uwaambie watoto kwamba wanaruhusiwa kumpa hicho tu.

Chakula cha vidonge kilichotengenezwa mahsusi kwa sungura, kama unakipata, kisizidi gramu 25 kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku. Kisipopatikana, usikibadilishe kwa chakula cha kuku. Kinazidi wanga, na baadhi ya vyakula hivyo huchanganywa na dawa za kuzuia vimelea vya tumbo viitwavyo koksidia, kama salinomaisini na narasini, ambazo kwa sungura ni sumu ya kuua. Na kila chakula kipya, hata kama ni kizuri, kiingizwe kidogokidogo kwa muda wa siku 7 hadi 14.

Maji na joto

Ile kauli ya kwamba sungura hanywi maji haina ukweli. Kwa siku huhitaji takriban mililita 50 hadi 150 kwa kila kilo ya uzito wake, na asiponywa kilichomo tumboni hukauka na kuganda. Tumia bakuli zito la udongo lisilopinduka, na kama maji ya kisima chenu yana chumvi, mpe ya mfereji au ya mvua. Kuanzia nyuzi 30 za joto sungura hutaabika na hamu yake ya kula hupungua, jambo ambalo katika miezi ya kaskazi halikwepeki. Banda la makuti lililo chini ya mti hushinda kwa mbali lile la bati. Chupa ya maji yaliyogandishwa, iliyofungwa kitambaa, humsaidia mchana. Naye hujilaza ubavuni mwa chupa hiyo bila ya kufundishwa.

Anapoacha kula

Sungura mkubwa aliyepitisha muda wa saa 12 bila ya kula au bila ya kutoa choo ni mgonjwa wa dharura. Atajikunyata pembeni, atasaga meno kwa sauti, na hata kotimiri ataigeuzia uso. Jambo la kwanza ni kumgusa tumbo kwa upole. Likiwa gumu na limevimba kama ngoma, pumzi zake ni fupi na masikio yamepoa, huenda utumbo umeziba. Usimlishe chochote kwa nguvu, usimkande tumbo, mpeleke kwa daktari wa mifugo saa ileile. Ukiwa na kipimajoto, joto la kawaida ni baina ya nyuzi 38.5 na 40, na likishuka chini ya 38 hali ni mbaya. Mfunike kwa kanga huku ukitafuta usafiri.

Tumbo likiwa laini kama unga uliokandwa, na mwenyewe bado ana fahamu nzuri, mtafute daktari kwa simu na uanze kazi nyumbani. Saga majani makavu mpaka yawe unga, au loweka vidonge vyake, uchanganye na maji ya uvuguvugu, uchuje, kisha uvute kwa bomba la sindano lisilo na sindano yenyewe. Ingiza bomba kwa ubavuni mwa mdomo, katika pengo lililo nyuma ya meno ya mbele, na umpe mililita moja moja, ukimngoja ameze. Kiasi cha mililita 10 kwa kila kilo, mara nne au tano kwa siku, kinafaa kuanzia. Asilazwe chali hata kidogo, kwani chakula huingia mapafuni. Baina ya mlo na mlo mwache atembee sakafuni, kwa kuwa mwendo huamsha utumbo. Maumivu nayo humzuia kula, hivyo mwombe daktari dawa ya maumivu inayomfaa. Za binadamu usizikisie.

Kuhara

Hapa lazima utofautishe. Kinyesi laini kilichogandamana matakoni, huku punje kavu zikiendelea kutoka, mara nyingi ni kile kinyesi cha usiku ambacho hakukila, ama kwa sababu ya unene, ama wanga umezidi. Ondoa vidonge na vitamu vyote, mwachie nyasi tupu, na msafishe kila siku, maana katika joto letu inzi hutaga hapo na funza huweza kutokea ndani ya siku moja. Kuhara maji ni jambo jingine kabisa na hakungoji kesho.

Wanaokufa zaidi kwa kuhara ni wachanga. Wengi huuzwa wakiwa na wiki nne, tumbo bado linategemea maziwa. Usinunue aliye chini ya wiki sita, na nane ni bora. Wachanga pia ndio wanaoshambuliwa na koksidia, vimelea vinavyokomaa katika kinyesi kilicholowa, kwa hiyo sakafu ya banda iwe kavu, izolewe kila siku, na majani yawekwe katika tundio, si chini.

Kuhusu antibayotiki, nilimpoteza jike mmoja kwa kutojua. Alikuwa na kidonda mguuni, na muuza dawa mmoja akanipa amoksilini ya maji ya watoto, akisema inafaa kwa kila kiumbe. Siku ya tatu aliharisha maji, ya nne hakuamka. Penisilini, ampisilini na amoksilini zinapotolewa kwa mdomo, pamoja na klindamaisini na linkomaisini, huua bakteria wenye manufaa katika ule mfuko na kuwaachia nafasi wale watengenezao sumu. Kabla ya kukubali dawa yoyote, uliza waziwazi kama ni salama kwa sungura.

Unapompeleka kwa daktari, mtie katika kikapu chenye kivuli pamoja na majani aliyoyazoea, na uchukue choo chake cha karibuni katika kifuko safi. Usimfungishe chakula ukidhani unamtayarisha kwa matibabu. Sungura hafungishwi, hata kabla ya upasuaji.