Helios ya Kisovieti kwenye Canon ya filamu

Lenzi yangu ya Helios 44-2, milimita 58, ni nzito kama jiwe la mizani. Haina chipu wala waya, ina skrubu ya M42 tu, yaani nyuzi za kuifunga lenzi kwenye kamera. Naifunga kwenye Canon EOS 300 kwa adapta, pete ya chuma isiyofika unene wa milimita moja na nusu. Wembamba huo ndio unaotuokoa: lenzi za M42 zinatakiwa kukaa milimita 45.46 kutoka kwenye filamu, na mdomo wa Canon uko 44, pete inajaza pengo. Nikon ni 46.5, hivyo vitu vya mbali havitaonekana wazi bila adapta yenye kioo ndani, na kioo hicho mimi sikitaki.

Kaza pete kwenye lenzi kwanza, kwa vidole tu, ndipo uiingize kwenye kamera. Weka gurudumu kwenye Av, ambapo wewe unachagua tundu (mlango wa mwanga ndani ya lenzi) na kamera inachagua kasi. Skrini itaandika 00 mahali pa namba ya tundu, usishtuke.

Helios ina pete mbili za tundu. Moja unaichagulia namba, tuseme 5.6, nyingine inafungua na kufunga. Fungua hadi 2, lenga kwa mkono mpaka kope zionekane, kisha funga. Utaona giza kidogo. Kamera itapima mwanga huohuo na kuchagua kasi yenyewe. Bonyeza.

Kwenye harusi ya binamu nilisahau kufunga: bibi harusi safi kabisa, mashangazi wote nyuma yake ukungu. Hadi leo wananidai.

Ukiwa na lenzi ya Takumar yenye swichi ya A (otomatiki) na M (kwa mkono), iweke M, ili tundu lifunge.