Kupika Mlo wa Sikukuu ya Shukrani Ndani ya Gari la Safari

Nchini Marekani, Sikukuu ya Shukrani huangukia Alhamisi ya nne ya Novemba, na familia nyingi, zikiwamo za Waswahili waliohamia huko, huitumia likizo hiyo kusafiri kwa RV, yaani lile gari kubwa lenye vitanda, choo na jiko dogo la gesi. Anayepika ndani yake kwa mara ya kwanza huanza kwa kuorodhesha vyakula anavyovitamani. Ningemshauri aanze na moto, umeme na maji, kwa kuwa hivyo ndivyo vitakavyoamua kitakachofika mezani.

Pima upana, kina na kimo cha oveni kwa futi kamba kabla ya kununua bata mzinga, kwani bata mzima wa kilo 7 mara nyingi haingii, au huingia akagusa kuta, ngozi ikaungua huku nyama ya ndani ikiwa mbichi. Kidari chenye mfupa cha kilo 2 na nusu kinawatosha watu sita, ikiwa kuna pilau pembeni. Kama kimegandishwa, kihamishie kwenye friji siku mbili kabla, na uhakikishe gari limeegeshwa mahali palipo sawa, maana friji zinazotumia gesi hazipozi vizuri gari likiinama. Oveni hizi huwa na moto mkali upande mmoja. Kwa hiyo geuza sinia kila baada ya nusu saa, wala usiseme nyama imeiva mpaka kipimajoto kilichochomekwa katikati ya mnofu, mbali na mfupa, kisome nyuzi 74 za Selsiasi.

Kazi ya pilau, kwa maoni yangu, imalizwe nusu nyumbani. Kaanga vitunguu maji mpaka viwe rangi ya kahawia iliyokolea, kwa sababu ukivikaangia garini kengele ya moshi italia na mablanketi yatanuka vitunguu hadi Krismasi. Chemsha nyama, kisha gandisha supu yake katika mifuko. Njiani itasaidia kuvipoza vyakula vingine. Saga pamoja bizari nyembamba, pilipili manga, iliki, karafuu na mdalasini, uzifungie kwenye chupa. Siku yenyewe utabakiwa na kupasha mafuta, kukaanga tangawizi na kitunguu saumu, kutia viungo, nyama na vitunguu, kisha supu na mchele.

Hapo ndipo mpishi aliyezoea Tanga au Mombasa anapoweza kuaibika. Sisi tulipika kwenye ukingo wa kusini wa Grand Canyon, jimbo la Arizona, ulio mita zipatazo 2,100 juu ya usawa wa bahari, ambako maji huchemka kwenye nyuzi 93 hivi badala ya 100. Mchele ulionyonya supu yote ulikuwa bado na kiini kigumu. Kwa vikombe 4 vya basmati iliyorowekwa nusu saa, ambavyo pwani ningevitilia vikombe 6 vya supu, huko niliongeza nusu kikombe, nikafunika sufuria kwa karatasi ya foili chini ya mfuniko ili mvuke usitoroke, na badala ya kupalia makaa nikaiingiza katika oveni yenye moto mdogo kwa dakika 25. Ukoko ulipatikana, tena mwembamba na mkavu kama unavyotakiwa.

Umeme nao una hesabu yake. Gari la ampea 30 kwenye volti 120 hubeba wati 3,600 tu, na hita ndogo, birika la umeme na maikrowevu, kila kimoja kikivuta takriban wati 1,500, haviwezi kuwaka pamoja. Nilipoviwasha vyote vitatu giza lilituangukia, na mama mkwe akauliza kwa utulivu, “Kumbe hata Marekani kuna mgao?” Zima kimoja kabla ya kuwasha kingine. Iwapo umeegesha pasipo na umeme, panga upishi kwa gesi tupu, kwani saa za kuwasha jenereta katika kambi nyingi zina mipaka.

Gesi isichezewe. Unapopika fungua dirisha na feni ya juu hata kukiwa na baridi kali, usitumie jiko kupashia gari joto, na hakikisha vitambuzi vya gesi na vya kaboni monoksidi, hewa ya sumu itokanayo na moto, vinafanya kazi. Kitambuzi cha gesi hufungwa karibu na sakafu kwa sababu gesi ya propani ni nzito kuliko hewa. Usikizibe kwa viatu au mikoba.

Baada ya kula, futa sahani kwa karatasi kabla ya kuziosha, kwa maana tangi la maji machafu hujaa upesi kuliko unavyodhani, na mafuta yanayomwagwa kwenye sinki huganda mabombani. Mabaki ya pilau na nyama yatandazwe katika vyombo vifupi na kuingizwa kwenye friji kabla ya muda wa saa mbili kupita tangu mlo uive. Asubuhi, funga valvu ya mtungi, na sufuria ya pilau uiweke chini ndani ya sinki, si juu ya jiko, kwa sababu kona ya kwanza tu itaiangusha.