Somo: Andika jina ambalo mkulima mwenyewe analiandika Google

Wadau, mwaka 2014 mdudu mmoja aliingia Tanzania na kuanza kumaliza nyanya. Wataalamu wanamwita Tuta absoluta. Wakulima hawakusubiri semina, wakampa jina lao: kantangaze, yaani nenda kanitangaze. Na kweli alitangazika.

Nilipofungua tovuti yangu ya kilimo niliandika makala ndefu juu yake, nikaipa kichwa "Udhibiti wa Tuta absoluta katika zao la nyanya". Afisa ugani mmoja aliipitia akaisifu. Wasomaji hawakuja. Mtu ambaye majani ya nyanya zake yameshababuka na matunda yametobolewa haandiki "udhibiti". Anaandika "dawa ya kantangaze", tena kwa haraka, akiwa amesimama shambani.

Nimeulizwa sana inboksi kuhusu SEO, yaani jinsi ya kuifanya tovuti itokee kwenye matokeo ya Google, kwa hiyo naweka hapa ninavyofanya mimi. Hatua nyingine ni fupi. Ya tatu ni ndefu, na ndiyo wengi wanairuka.

Hatua ya 1: Fungua mlango

Hii ilinigharimu miezi minne. Kwenye WordPress, mfumo niliojengea tovuti yangu, ukiingia mipangilio, sehemu ya Reading, kuna kisanduku kinachoziomba injini za utafutaji zisiorodheshe tovuti yako. Fundi wangu alikitia tiki tulipokuwa tunajenga, na alikuwa sahihi, ila tulipomaliza tukasahau wote wawili. Toa tiki hiyo. Kisha nenda Google uandike site: na anwani ya tovuti yako, bila kuacha nafasi katikati. Kurasa zako zikitokea, umo. Isipotokea hata moja, usihangaike na hatua nyingine kabla hujajua kwa nini.

Hatua ya 2: Jiunge na Search Console

Ni huduma ya bure ya Google. Utathibitisha kwamba tovuti ni yako, mara nyingi kwa kuweka rekodi ya TXT, mstari wa maandishi ambao Google inakupa, pale uliponunua domeini, yaani jina la tovuti. Baada ya hapo wasilisha ramani ya tovuti, yaani faili lenye orodha ya kurasa zako. WordPress kuanzia toleo la 5.5, la mwaka 2020, huitengeneza yenyewe na kuiweka kwenye wp-sitemap.xml.

Faida kubwa ya Search Console ni ile ripoti ya utendaji. Inakuonyesha maneno ambayo watu waliandika hadi ukurasa wako ukawatokea, mara ngapi ulitokea, wangapi walibofya, na ulikuwa nafasi ya ngapi. Unaweza kurudi nyuma hadi miezi 16. Mimi neno kantangaze nililiona huko: ukurasa wangu ulikuwa unatokea mbali sana, kwa sababu tu nilikuwa nimelitaja mara moja, aya ya sita.

Hatua ya 3: Tafuta maneno ya watu

Chukua simu, fungua Google, anza kuandika "dawa ya kantangaze" na usibonyeze kitu. Yale mapendekezo yanayoshuka chini yanatokana na yale ambayo watu hutafuta kweli. Yanakili kwenye daftari. Badilisha mwanzo: "dalili za", "bei ya", "jinsi ya kuzuia". Kila mwanzo una mtu wake. Wa "bei ya" yuko njiani kwenda duka la pembejeo, mpe bei na tarehe uliyoiandika. Wa "dalili za" anataka picha alinganishe na jani alilolishika. Ukiwachanganya wote kwenye ukurasa mmoja mrefu, kila mmoja atasoma aya mbili aondoke.

Halafu sikiliza. Kaa nusu siku kwenye duka la pembejeo uone watu wanavyoagiza. Soma magrupu ya WhatsApp ya wakulima. Vitabu vinasema kitunguu saumu, lakini wengi huandika "swaumu". Viazi vile vile: huku utasikia viazi mviringo, mbatata, viazi ulaya, na ukivuka kwenda Kenya ni waru. Huwezi kuchagua jina moja ukasema ndilo sahihi. Chagua lile la wasomaji wako kwa ajili ya kichwa, mengine yataje ndani ya maelezo kama mtu anavyoongea: "kitunguu swaumu, ambacho wengine huandika saumu".

Ila usilirudie neno kila sentensi. Kuna watu huandika kantangaze mara arobaini kwenye ukurasa mmoja wakidhani wanaisaidia Google. Google inahesabu hiyo kuwa ni udanganyifu, na msomaji anachoka kabla yake.

Hatua ya 4: Kichwa na aya ya kwanza

Makala yangu sasa inaitwa "Dawa ya kantangaze kwenye nyanya: dalili, mitego na upuliziaji". Neno kuu limekaa mwanzoni na kichwa kizima kiko ndani ya herufi 60 hivi, kisikatwe kwenye simu. Jina la kitaalamu nimeliacha aya ya pili kwa wanafunzi wa SUA, Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine. Aya ya kwanza inajibu swali moja kwa moja, historia ya mdudu inafuata.

Lile boksi la maneno muhimu (meta keywords) ambalo mafundi wengine bado wanalijaza, liache. Google ilitangaza mwaka 2009 kwamba hailitumii kupanga matokeo.

Hatua ya 5: Punguza uzito

Google husoma tovuti yako kama inavyoonekana kwenye simu. Picha moja ya kamera inaweza kufika MB 4, weka kumi uone bando la msomaji linavyoteketea. Zipunguze upana hadi pikseli 1200, zihifadhi kwa WebP, aina ya faili la picha lisilo zito, zishuke chini ya KB 150. Google inapendekeza kitu kikubwa zaidi kwenye skrini kiwe kimeonekana ndani ya sekunde 2.5. Na faili lisiitwe IMG_2034, liite jani-la-nyanya-lenye-kantangaze.

Hatua ya 6: Viungo (link)

Unganisha kurasa zako zenyewe kwa zenyewe: ya kantangaze iende kwenye ya kitalu, ya kitalu iende kwenye ya mbegu. Viungo vya nje vitakuja ukiwa na kitu cha kuazima. Kwangu kilikuwa jedwali la bei za nyanya sokoni, wenye magrupu walianza kulisambaza bila kuombwa.

MASWALI YA WADAU

Mdau wa Mbeya: Mkuu, kuna jamaa ananiuzia viungo 1,000 kwa elfu kumi na tano. Nichukue?

Hapana mkuu. Aprili 2012 Google ilileta Penguin, badiliko la mfumo wake wa kupanga matokeo, kupambana na hila kama viungo vya namna hiyo. Siku hizi mara nyingi inavipuuza tu, maana yake umetupa hela. Ikikuwekea adhabu kwa mkono, yaani mtu wa Google mwenyewe akiikagua tovuti yako na kuishusha, utakesha ukivisafisha.

Mdau wa Kahama: Natumia Blogspot ya bure. Ni lazima ninunue domeini?

Siyo lazima, dada. Search Console inaikubali Blogspot. Ila siku ukihama bila domeini yako, unaacha nyuma kila kiungo ulichokichuma. Ukiweza lipia .co.tz mapema, inaiambia Google pia kwamba unalenga Tanzania.

Mdau wa Kitale: Nimetumia akili bandia kuandika makala 200 kwa wiki moja. Mbona hakuna kitu?

Ndugu yangu, Machi 2024 Google iliongeza kanuni dhidi ya kurasa zinazozalishwa kwa wingi ili tu zipande kwenye matokeo, ziwe za mtu au za mashine. Chagua kumi unazozijua kwa mikono yako, ziandike upya na picha za shamba lako. Zilizobaki ziondoe.

Mdau wa Iringa: Samahani mwalimu, huku kwetu tunaandika "kanitangaze", yenye "ni". Nitumie ipi?

Kichwani weka ile ambayo Search Console inakuonyesha ina watu wengi zaidi. Ya pili itaje mara moja kwenye aya ya kwanza. Na asante, hiyo yenye "ni" mimi sikuwa nimeiweka, naenda kuiongeza sasa hivi.